Bustani ya mimea ya Amani, Muheza: nenda, ila nenda na mtu wa kukutembeza

Niseme mapema kabisa ili usipoteze nauli yako. Kama unatafuta bustani ya maua ya kupigia picha za harusi, nyasi zimekatwa vizuri, bembea za watoto na mtu wa soda kila kona, Amani siyo hiyo. Lakini kama unataka kuona sehemu ambayo imegusa muhogo unaokula, chandarua unacholalia na maji ya bomba ya Tanga mjini, na bado ni msitu wa kweli wenye baridi na ndege, basi panda Usambara Mashariki. Mi naona hakuna sehemu ya kutembelea mkoa mzima wa Tanga inayoifikia hii, na inaniuma sana kwamba kila ukifika unakuta wageni kutoka nje ndo wengi, sisi wenyewe tunaishia Pangani na mapango ya Amboni basi tumemaliza Tanga.

Kwa asiyejua, Amani ipo wilaya ya Muheza, juu milimani, kilomita thelathini na kitu kutoka Muheza mjini. Bustani yenyewe ina kama hekta 300 na ipo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ambayo ni kubwa zaidi, kama hekta 8,380, ilitangazwa mwaka 1997 na ndo ilikuwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Sasa hivi iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Kwa hiyo ukilipia unalipia hifadhi yote, bustani, njia za msituni, maporomoko, na malipo siku hizi ni kwa kontroo namba kwenye simu, usije na burungutu la hela ukitegemea kumkabidhi mtu mkononi. Kwa Mtanzania kiingilio ni hela ndogo tu ukilinganisha na mgeni, hiyo isikutishe.

Safari ya kufika. Muheza unashuka, unanunua machungwa yako (usipite Muheza bila machungwa jamani), alafu unatafuta gari. Basi za kupanda Amani zipo ila ni chache, uliza stendi mapema zinaondoka saa ngapi maana ukikosa umekosa. Wengine wanachukua boda mpaka juu, inawezekana ila kipindi cha mvua mi siwezi kumshauri mtu, barabara inapanda na kona ni kali na udongo wa huko ukilowa unateleza vibaya mno. Kama mko wengi kodini gari yenye kimo cha juu mchangiane, na bei mkubaliane ya kwenda na kurudi kabisa, ikiwezekana iandikwe kwenye meseji, maana wa kwetu tulikubaliana bei Muheza, tulivyofika juu ikawa nyingine, eti hakujua kama ni mbali hivi. Dereva wa Muheza hajui Amani ni mbali! Basi tukalipa tukaendelea na maisha, siku yenyewe ilikuwa nzuri kuliko kubishana.

Kitu cha kwanza kinachofaa usimame ni Zigi, pale getini chini kabla ya kupanda. Watu wengi wanapita mbio mbio wakawahi juu, wanakosea. Pale kulikuwa na stesheni ya reli. Ndio, reli, huko porini. Mjerumani alijenga kipande cha reli kutoka Tengeni kwenye reli ya Tanga kuja mpaka Zigi kabla ya vita vya kwanza vya dunia, kazi yake kubwa kuteremsha mbao za msitu huu. Reli yenyewe imeshaondoka zamani, ila nyumba ya mkuu wa stesheni ipo na ndo imefanywa sehemu ya kupokea wageni na maelezo. Ukisimama pale ukaangalia mlima uliopo mbele yako unaelewa kila kitu kitakachofuata huko juu, kwamba huu mlima ulikuwa biashara kwanza, uzuri wa mandhari ulikuja baadaye.

Na ndo hapo inabidi nieleze kidogo historia, vumilia, maana bila hiyo utaona miti tu.

Kabla ya 1900 Wajerumani walivamia hii milima kwa mashamba ya kahawa, pale Derema kulikuwa na shamba kubwa la kampuni yao ya Afrika Mashariki. Walivyoona msitu mnene namna hii wakajua udongo ni mtajiri, kumbe msitu wa huku unajilisha wenyewe kwa majani yake yanayooza, ukiufyeka umebaki na udongo mwekundu usio na nguvu. Kahawa ikasumbua. Sasa serikali yao ikaona badala ya kila mwenye shamba kubahatisha kwa hela yake, iwepo sehemu moja ya kujaribu kila kitu. Mwaka 1902 wakaanzisha taasisi yao Amani, Biologisch-Landwirtschaftliches Institut, mkuu wake wa mwanzo akiwa Franz Stuhlmann, huyu aliwahi kuzunguka bara na Emin Pasha, mpelelezi mwingine wa Kijerumani. Walichagua hapa kwa akili sana, ardhi ya taasisi ilianzia chini kule Zigi kwenye joto, kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, ikapanda mpaka mita 1,100 hivi upande wa Mbomole. Kwa hiyo kwenye eneo moja wana hali ya hewa za aina mbili tatu, mti wa joto unapandwa chini, mti wa baridi unapandwa juu, mwenye kupima anashuka na kupanda tu. Wakaleta mimea kutoka Asia, Marekani ya Kusini, Australia, visiwani huko, mamia ya aina, kila aina kwenye ploti yake.

Hizo ploti ndo bustani unayoitembelea leo. Imepita zaidi ya miaka mia moja, miti imekuwa mikubwa, mingine imezaa watoto wakavuka mpaka wa ploti, msitu wa asili nao umerudi kudai sehemu yake, kwa hiyo ukitembea peke yako utadhani upo porini. Ndo maana nasema chukua mtembeza wageni. Siyo swala la kupotea njia, ni kwamba yeye anajua huu mti ni nani na uliletwa kufanya nini. Tuliyempata sisi alikuwa mzee wa makamo wa palepale Amani, tukawa tunamwita mzee naye anatuita wanangu, na baba yake alikuwa kibarua wa utafiti enzi za Mwingereza. Huyo mzee alikuwa hasemi jina la mti kwanza. Anachuma jani, anakukabidhi, anakwambia likunje unuse.

Jani la kwanza alilonipa nilinusa nikarudi nyuma hatua, kafuri! Ile ile kafuri, wale mliokulia kwenye nyumba za Kiislamu mnaijua, harufu ya kuosha na kukafini maiti. Mwenzetu mmoja akakataa kabisa kushika. Mti wenyewe ni mkubwa, umekaa vizuri, majani yanang'aa, hauna habari na mtu. Wajerumani waliupanda kwa sababu kafuri enzi hizo ilikuwa biashara kubwa duniani. Na hatua chache mbele unapewa jani lingine unanusa unakuta mdalasini, na mzee anakwambia hawa ni ndugu, ukoo mmoja. Nimekula pilau maisha yangu yote nimehudhuria misiba maisha yangu yote sijawahi kufikiria hivyo vitu viwili ni ndugu.

Alafu mkwinini. Gamba la huu mti ndo kwinini yenyewe, na kama una wazazi waliowahi kuugua malaria miaka ya nyuma waulize kuhusu kwinini, masikio kuvuma kama kuna nyuki ndani, uchungu unakaa mdomoni mpaka kesho yake. Mti asili yake ni milima ya Andes, Marekani ya Kusini. Vita vya kwanza vilipoanza 1914, Waingereza wakafunga bahari, jeshi la Wajerumani chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck likawa halipati dawa kutoka Ulaya, kwinini ikatengenezwa kwa magamba ya huku milimani. Yaani vita ile iliyomaliza watu wetu, wapagazi na askari, wengine mpaka leo hawana kaburi linalojulikana, sehemu ya kilichoiweka hai miaka yote ile ni huu mti uliosimama kimya mbele yako. Nilikaa pale muda. Hiyo ploti usipite haraka.

Sasa muhogo. Hapa ndo naomba msomaji wangu anisikilize kabisa maana mi ndo kilichonifanya niandike hii rivyuu.

Watu wa Tanga tunakula kisamvu cha mpira, si ndio? Ule mti mrefu kama muhogo uliokataa kuacha kukua, majani yake unatwanga unapika na nazi. Ule mti unaitwa mpira kwa sababu ulikuwa mpira kweli. Ni muhogo wa mwituni kutoka Ceará, Brazil, unatoa utomvu wa mpira, na wakati wa Mjerumani mashamba ya ukanda wa Muheza na Tanga yalijaa huo mti. Bei ya mpira duniani ikaanguka 1913 maana Asia walishapanda aina bora zaidi, mashamba yakaachwa, watu wakabaki wanachuma majani. Basi. Hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya mboga tu.

Lakini Mwingereza alivyochukua nchi aliirudisha Amani kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, na miaka ya 1930 muhogo ulikuwa unaumwa sana, ule ugonjwa wa batobato, majani yanajikunja yanakuwa na madoa ya njano, mizizi haijazi. Mtafiti mmoja, H. H. Storey, na mwenzake Nichols, wakaanza kuzalisha muhogo wenye ubishi na ugonjwa. Walijaribu kuuchanganya muhogo wa kawaida na ndugu zake, na mmoja wa hao ndugu ni nani? Huo huo mpira wa Ceará, mti uliotupwa, wa kisamvu. Wenyewe ulikuwa na kinga. Wakauzalisha na muhogo, wakarudisha mtoto kwa muhogo tena, na tena, mpaka wakapata mti wenye mizizi ya kuliwa na kinga ya yule wa mwituni. Kazi ikaendelea mpaka miaka ya 1950. Mbegu za Amani zikapelekwa Nigeria, na baadaye IITA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha kitropiki kilichopo Ibadan, kuanzia miaka ya 1970 kikachukua damu ya hiyo mimea kuzalisha mihogo yao ya kisasa ambayo imesambaa nchi nyingi za Afrika.

Yaani naomba uelewe ukubwa wake. Mamilioni ya watu, Nigeria, Kongo, Uganda, wanakula ugali wa muhogo, gari (ule unga wa muhogo uliokaangwa, siyo gari la kupanda), sijui fufu, na sehemu ya kinga ya huo muhogo ilitengenezwa juu ya huu mlima wa Muheza. Mi nimesoma shule ya msingi na sekondari Tanga hii hii, nimefundishwa mito ya Ulaya, hakuna siku mwalimu alisimama akasema jamani tupande gari twende Amani tukaone. Walimu mnaosoma hapa, hii siyo safari ndefu kutoka Tanga mjini, somo la baiolojia, historia, jiografia na kilimo vyote mnamaliza kwa nauli moja.

Haya tuendelee. Kituo cha kilimo kikahamia Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 40, na mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa ulioanza Amani 1902 ukapelekwa Nairobi 1950, ndo huo unaoitwa East African Herbarium mpaka leo. Kwa hiyo mtu anayetaka kuona jani lililochumwa Amani na Mjerumani inabidi aende Nairobi. Majengo yakabaki na watafiti wa malaria, na hao ndo wakaja kuwa sehemu ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kazi yao ya vyandarua vyenye dawa waliifanya hasa kule chini vijiji vya Muheza kwenye mbu wengi, juu ya mlima baridi inawapunguza. Majengo bado yapo, ya zamani, paa za bati zilizopakwa rangi, veranda ndefu, miti mikubwa imezunguka. Mengine yanafanya kazi, mengine yametulia tu. Mi napenda majengo kwa hiyo nilizunguka kila pembe, wenzangu walichoka mapema wakaenda kunywa chai.

Kuhusu maua, maana najua kuna watu wanataka maua: lipo moja na ni kubwa kwa jina ingawa lenyewe ni dogo. Saintpaulia, lile ua la zambarau ambalo Wazungu wanaweka madirishani kwenye vikopo, nadhani kila bibi wa Ulaya analo. Kwao ni huku. Baron Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga alilitoa huku 1892 akalituma kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalam Hermann Wendland akalipa jina lao. Kutoka hapo likazaliwa na kuzalishwa mpaka imekuwa biashara ya dunia nzima. Na hapa kwao linaota kwenye miamba yenye ukungu wa kijani karibu na vijito, sehemu za kivuli, majani yana manyoya laini, unaweza ukapita bila kuliona. Mwambie mtembezaji wako mapema kwamba unataka kuliona ili achague njia inayofaa. Na tafadhali sana usichume, sehemu za kuota hili ua zimebaki chache na kila mtu akiondoka na shina moja litabaki la madirishani tu.

Kuna kitu kingine nilikipenda, na ni cha kusikitisha kidogo. Huko msituni kuna msambu, mti wa asili wa Tanzania, una matunda makubwa yananing'inia, ndani mbegu zenye mafuta, na watu wa vijiji vya Amani wanaziokota wanauza, mafuta yake yaliwahi kuingia mpaka kwenye siagi za viwandani huko Ulaya. Jina lake la kisayansi limebeba jina la Stuhlmann. Alafu kuna muhesi, huu asili yake ni upande wa kanda ya ziwa na kuendelea magharibi, jina lake la kisayansi limebeba jina la Emin Pasha. Yote mawili ameyatoa mtaalam mmoja wa Berlin, Engler. Msambu ni mwenyeji anakua taratibu. Muhesi ni mgeni aliyepandwa na anakua mbio, na matunda yake yanapendwa na hondohondo, wale ndege wakubwa wenye pembe juu ya mdomo, wanakula huku wanaacha mbegu kule, kwa hiyo popote mti mkubwa ulipokatwa muhesi unawahi kuota kabla ya wenyeji.

Na miti mikubwa ilikatwa kweli, siyo wakati wa Mjerumani peke yake. Miaka ya 70 na 80 mbao zilivunwa humu kwa mashine, kiwanda cha mbao cha Tanga kikiwa na msaada wa Finland, mpaka kelele zikawa nyingi za wanasayansi na mwisho wa miaka ya 80 Finland hao hao wakageuka wakaanza kusaidia uhifadhi, na hiyo ndo imezaa hifadhi ya 1997. Mzee wetu alituonesha sehemu mbili, moja haikuguswa na nyingine ilivunwa, mi siyo mtaalam ila tofauti niliiona kwa macho yangu. Ile isiyoguswa ni giza, miti mikongwe imesimama na mizizi yake mipana kama kuta, chini unatembea hata panga huhitaji. Ile iliyovunwa ni vichaka, mwanga mwingi na muhesi kila upande. Na mkumbuke Mto Zigi unaanzia kwenye milima hii, ndo maji ya Tanga mjini. Mtu anayesema msitu wa mbali haumhusu afungue bomba lake aangalie.

Wa ndege, mtafurahi mpaka mchoke. Mi sikuwa na darubini na bado niliona chozi wengi, shorobo wakiruka na mabawa mekundu, hondohondo wakipita na kelele za mabawa kama kuna mtu anapuliza. Chozi mmoja amepewa jina la Amani kabisa. Kuna na ndege mdogo mwenye mdomo mrefu anayetafutwa na watu wa kutoka mabara yote, jina lake limetoka kwa Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi ya ofisi hapa Amani kuanzia 1928 mpaka katikati ya miaka ya 40, ndege ilikuwa mapenzi yake tu ila akaja kuwa jina kubwa duniani. Na msituni alikuwa na mtu wake, Salimu Asmani, ndo waliokuwa wakitafuta na kukusanya pamoja. Huyo Salimu mtajeni na nyie mkienda. Wageni wanajua habari za Moreau, watoto wetu wajue ya Salimu.

Usiku tembea na tochi pembeni ya barabara utafute vinyonga. Wapo wa pembe tatu, dume lake anatisha kwa sura ila mpole, na wapo wadogo mno wa rangi ya jani kavu ambao mchana huwezi kuwaona hata ukiwakanyagia jirani. Usiwashike shike, mtembezaji atakuonesha kwa mwanga. Mchana utaona mbega weusi wenye mabega meupe na kima. Siafu wapo, vaa soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi, hapo hakuna mjadala.

Malazi ni ya kawaida, ipo resti hausi ya hifadhi, ni safi, kitanda na neti, maji ya moto uulize. Siyo hoteli usije ukategemea runinga na feni. Na feni ya nini, usiku kuna baridi ya sweta kabisa, ukungu unaingia mpaka kibarazani. Chakula toa oda mapema, yaani ukifika tu sema unataka kula nini saa ngapi, maana wanapika kwa ajili yako. Sisi tulipata wali, maharage ya nazi, mboga za majani na kuku wa kienyeji, na chai yenye iliki ya huko huko milimani, ile iliki ukiizoea ya dukani mjini utaiona imekufa. Kama unaweza nunua iliki kwa wanakijiji moja kwa moja, pia mdalasini. Chai yenyewe mashamba yake yapo jirani, Kwamkoro na Bulwa, kutembea kwa mguu asubuhi pembeni ya mashamba ya chai msitu upo upande wa pili ni kitu kizuri sana na ni njia rahisi hata kwa mtu mzima.

Njia za kupanda zipo za aina nyingi. Mbomole ndo ya wengi, unapanda kilima unaona msitu na mashamba ya chai yote chini yako, na siku ikiwa safi unaona mbali sana kuelekea pwani. Mama yangu ana magoti yanasumbua na aliweza bustani yote ya chini na fimbo, Mbomole tulimwacha akabaki anapiga stori na akina mama wa jikoni, kwa hiyo wazee msiwaache nyumbani. Watoto chini ya miaka mitano sita hivi watachoka, wakubwa wataenjoi hasa mkiwapa kazi ya kunusa majani na kubahatisha ni nini.

Nilichotamani kingekuwepo zaidi ni maandishi ya Kiswahili kwenye miti. Jina la Kilatini lina kazi yake, silikatai, ila mwanafunzi wa Muheza akisoma kwamba huu ndo mti wa kwinini, uliletwa kwa sababu hii, ukafanya kazi hii, atauambia mtaa mzima akirudi. Na hadithi ya muhogo iwekewe bango lake kubwa kabisa. Watembezaji wanayajua haya kichwani, na wengi wao ni watu wazima sasa, yaandikwe wakiwa bado wanapanda mlima.

Mambo ya mwisho ya kufanyia mpango. Masika, Machi mpaka Mei, mvua ni kubwa, kwa mwaka huku inanyesha kama milimita 2,000, kwa hiyo nenda Juni mpaka Septemba au Januari na Februari, na hata hiyo miezi beba koti la mvua tu. Mtandao wa simu unashika sehemu na sehemu haushiki, lipia na tuma meseji zako ukiwa Muheza. Beba hela taslimu ya kutosha kwa mtembezaji, chakula na iliki, hakuna wa kukutolea pesa huko juu. Lala angalau usiku mmoja, ukiwezekana miwili, wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo anaona barabara kuliko bustani. Nyota tano kutoka kwangu, na mtembeza wageni ukimkuta ni yule mzee anayekupa jani kabla ya jina, muongeze kitu juu ya malipo yake halali maana anastahili.